Jinsi ya Kujenga Shule ya Msingi Kariakoo Bila Kusumbuliwa na Watoto

Umeteuliwa kwenye timu ya kupanga shule mpya ya msingi ya serikali katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Hongera sana. Tangu Februari 2021, Manispaa ya Ilala ilipopandishwa hadhi kuwa Jiji, hata barua ya kuitwa kikaoni ina uzito wake. Usiwe na pupa. Kijijini wananchi husomba mawe na mchanga, fundi akamwaga msingi, mambo yakaisha. Mjini tuna mchakato.

Anza na takwimu, maana takwimu haiji ofisini kukupigia kelele. Chukua matokeo ya Sensa ya 2022. Sensa ile ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na hapo ndipo pona yako ilipo. Kariakoo saa nne asubuhi haina pa kukanyaga. Saa nne usiku wamebaki walinzi, paka, na wachache wanaoishi ghorofani. Andika basi kwamba wakazi si wengi, kwa hiyo watoto nao si wengi. Usimhesabu yule mama anayepanga madela chini Mtaa wa Kongo, aliyetoka Chanika alfajiri na mwanawe kwa sababu mchana nyumbani hakuna wa kumpokea mtoto. Mtoto huyo kitakwimu ni wa Chanika. Ni kweli unamwona hapa, kavaa sare, kakalia robota la mitumba akifanya hesabu za kugawanya. Usiyaamini macho yako, hayana muhuri.

Ukishathibitisha kwamba watoto hawapo, tafuta kiwanja cha kuwajengea. Ramani ya mipango miji itakuonyesha eneo la wazi, limepakwa rangi ya kijani, limeandikwa kabisa "shule". Usiende kuliangalia. Ukienda utakuta maegesho ya magari au baa yenye viti vya plastiki, na dalali atakuuliza kwa adabu kama unanunua au unapanga.

Tuseme kiwanja kimepatikana, kidogo, kimebanwa na maghorofa pande tatu. Wapo watakaosema tupande juu, na kwa kweli wana hoja. Ila ujue kwamba fosi akaunti, ule utaratibu wa kuwatumia mafundi wa mtaani uliotujengea madarasa mengi ya chini nchini, haukutungwa kwa ajili ya ghorofa nne zenye watoto ndani. Hapa sitanii hata kidogo. Kariakoo iliangukiwa na ghorofa Novemba 2024, ikapoteza watu. Kama ni ghorofa, mtafute mkandarasi na mhandisi anayejulikana anapokaa. Haya, turudi kwenye utani.

Kitu cha kwanza kuchora ni fremu. Mwalimu Mkuu atakuja baadaye, fremu zinaanza. Ukuta unaotazama barabara ni dhahabu, na dhahabu haizungushiwi michongoma. Chora fremu 20, mita tatu kwa tatu, milango itazame nje. Wapangaji watagombania na kutoa kilemba zege likiwa bado bichi, nawe utaandika kwenye taarifa "kubuni vyanzo vya mapato ya ndani", maneno ambayo hakuna kikao kimewahi kuyakataa. Geti la wanafunzi libaki kati ya fremu ya kava za simu na fremu ya vitenge, upana wa mtoto mmoja na begi lake. Dirisha la darasa la pili lifungukie spika ya muuza soksi. "Chukua mbili buku jero! Mbili buku jero!" Mwalimu akiuliza mbili mara mbili ni ngapi, darasa zima litajibu elfu tatu, na kwa soko la pale nje watakuwa wamepata.

Sasa vyoo, ambapo wengi hukwama kwa kosa la kupiga hesabu. Shule ya mikondo miwili, kuanzia awali hadi darasa la saba, ina vyumba 16. Ukiweka wanafunzi 45 kwa chumba, unapata 720. Wakiwa nusu wasichana nusu wavulana, kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, unahitaji matundu 18 upande mmoja na 15 upande wa pili. Jumla 33, hujaweka ya walimu wala chumba cha kujisitiri wasichana. Kiwanja chako hakiwezi kubeba fremu 20 na matundu 33. Kimoja lazima kipungue, na tundu la choo halilipi kodi.

Ukibanwa, zipo zamu. Wa asubuhi waingie, wa mchana wasubiri barazani kwa wenye maduka. Kwa njia hii kila tundu linakuwa mawili, kila dawati mawili, na mwalimu naye, ukimkazia macho, anakuwa wawili. Ukiona bado hazitoshi, gawa shule iwe mbili ndani ya uzio mmoja: walimu wakuu wawili, mbao mbili za majina, bomba moja la maji.

Usisahau mtaala mpya. Kwa sera ya elimu ya toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja. Mwenye akili finyu atauliza watoto wote hao watakaa wapi wakiingia kidato cha kwanza. Wewe andika kwamba shule yako imepata vyumba viwili vya ziada bila kununua tofali. Sekondari ni ukurasa wa mtu mwingine.

Utakuja mkutano wa hadhara. Mzee atasimama, avue kofia, aseme: "Mheshimiwa Diwani, mjukuu wangu ana miaka sita. Hiyo shule ataanza yeye au ataanza mwanawe?" Watu watacheka. Diwani asikasirike. Aseme: "Shikamoo mzee wangu, swali zuri sana. Fedha zimetengwa, tuko hatua za mwisho." Hatua za mwisho zina faida ya kutokuwa na tarehe. Kabla mwaka wa fedha haujakatika Juni 30, wekeni jiwe la msingi, hata kama msingi wenyewe haupo. Jiwe ni nafuu, linapigwa picha vizuri, na pazia lake linaweza kutumika tena kata ya jirani.

Tahadhari moja tu: mwongozo huu usimfikie mzazi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika shuleni na madawati yakawa habari ya nchi nzima; mzazi wa mjini hajasahau alivyomkuta mwanawe amekaa sakafuni. Na wewe mzazi, kama umeshaupata, uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba. Nenda na cheti cha kuzaliwa. Siku ya mkutano wa mtaa wakikuletea mchoro wa shule mpya, usiulize rangi ya bati. Uliza matundu ya choo ni mangapi, na ungoje hapo hapo mpaka utajiwe namba.