Heri Mti Usiooza

Wanaomcheka mtu wa Vugiri anayeteremka hadi Korogwe kununua mti wa Krismasi wa plastiki hawajapima jambo sawasawa. Ni kweli kwamba mikrismasi, asili yake Meksiko, imestawi Usambara kama iliyozaliwa huku, na tawi lake halina bei. Lakini tazameni aibu yake baada ya sikukuu: ikifika Januari majani ni matandazo ya migomba, shina ni kuni, fito zimeziba ua. Mwezi ukiisha, mti haupo. Mgeni ataonyeshwa nini? Mti uliotoka Yiwu, China, hauna utovu huo wa adabu. Umevuka Bahari ya Hindi, ukapanda lori, ukamalizia kona za mlima kwa bodaboda, na wajukuu watarithi nyaya zake.

Kuna watakaouliza: si mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019? Hawa hawaelewi sheria. Mfuko hubeba sukari, kwa hiyo ni hatari; mti hubeba pamba ya kuigiza theluji, tena mara moja kwa mwaka. Wengine watataja New York, ambako jiji hukusanya miti halisi kila Januari na kuisaga iwe matandazo. Sawa, lakini huko kuna mashine, ratiba na matangazo. Panga la Vugiri hufanya kazi hiyohiyo asubuhi moja, kimyakimya, bila hata bango. Nani ataiita utunzaji wa mazingira? Sanduku la mti wa plastiki angalau limechorwa mishale mitatu ya kijani.