Ndoo 128 za Asali Zilizokataa Kuwa 128

Kwa mizigo midogo programu ilikuwa na adabu zake. Kijana mmoja wa Tabora aliiandika kwa lugha ya Java ili kukirahisishia kazi kikundi cha warina asali: karani anaingiza idadi ya ndoo zilizotoka Sikonge, mpokeaji wa ghalani anaingiza alizozipokea, kompyuta inalinganisha. Ndoo 40, sawa. Ndoo 127, sawa. Ukaja mzigo wa ndoo 128, skrini ikawaka nyekundu: hesabu hazilingani. Zilizotumwa 128. Zilizopokelewa 128.

Karani, mzee wa daftari na kalamu ya risasi, akavaa miwani akasoma tena. "Mwanangu, hii mashine yako imesomea wapi?"

"Nivumilie kidogo, mzee wangu."

Wakati huo dereva alishaanza kuapa kwamba hakuonja hata kidole njiani.

Dereva alisingiziwa. Java ina namba za namna mbili. Ipo int, namba tupu inayokaa kwenye baiti 4, na ipo Integer, namba ileile iliyofungashwa iwe kitu kamili, kwa sababu orodha za kawaida kama ArrayList hazipokei namba tupu. Tangu toleo la 5, mwaka 2004, Java hufungasha yenyewe kimyakimya. Ili kubana matumizi, namba kuanzia -128 hadi 127 zina vifurushi vilivyoandaliwa mapema, na kila anayeomba 40 hupewa kifurushi kilekile. Ukivuka hapo, kwa kawaida kila mwombaji hufungiwa chake kipya. Sasa, alama ya == ikikutana na vifurushi viwili haichungulii ndani; inauliza tu kama ni kifurushi kimoja. Kwa 127 jibu ni ndiyo, kwa 128 ni hapana, na dereva anaitwa mwizi. Dawa yake ni equals(), inayolinganisha kilichomo.

Kosa likarekebishwa, karani akatulia. Kisha mwanachama namba 3 akaomba kujitoa. Kijana akaandika remove(3) kwenye orodha ya namba za wanachama, iliyopangwa kuanzia 1. Java ikaelewa kwamba anataka kufuta kilichopo nafasi ya 3, nayo huhesabu nafasi kuanzia sifuri. Aliyefutwa ni mama mwenye namba 4, ambaye alitinga ofisini na risiti zake zote za ada, kanga kaifunga kiunoni kwa shari. Namba 3 aliendelea kuitwa mikutanoni.

Wafanyabiashara wa njia ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapahapa Tabora, wasingeukubali utaratibu huu wa kufungasha kila namba peke yake. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, ushanga ulikuwa kama fedha ya njiani, nao ulitungwa kwenye uzi: uzi mmoja ni khete, khete 10 ni fundo. Hakuna tajiri aliyeweka kila punje kwenye kisanduku chake, akampa kila kisanduku mpagazi wake wa Kinyamwezi. Lakini ndivyo ArrayList ya Integer inavyosafiri. Kwenye mashine nyingi za leo kila kifurushi hula baiti 16, na kumbukumbu ya mahali kilipo hula 4 nyingine. Namba milioni moja ambazo zingetosha kwenye megabaiti 4 zinaweza kudai 20.

Khete za Java zipo. Maktaba ya fastutil, kazi ya Sebastiano Vigna wa Chuo Kikuu cha Milano, ina orodha za int peke yake, za long peke yake, za double peke yake. Eclipse Collections, iliyoanzia ndani ya benki ya Goldman Sachs, inazo pia, na ingemwepusha kijana na yule mama: kwenye orodha yake ya int, remove hufuta thamani na removeAtIndex hufuta nafasi. Gharama ya maktaba hizi ni utitiri wa aina, kwani kila namna ya namba hutaka orodha yake. Atakayehifadhi namba za simu zenye 255 mbele kwenye orodha ya int atakwama, maana int hukomea 2,147,483,647.

Watumiaji wa lugha ya C# waliondokana na adha hii mwaka 2005, orodha zao zilipoanza kubeba int bila kuifungasha. Upande wa Java, mradi wa Valhalla unaishughulikia tangu 2014.

Kikundi chenye wanachama wachache hakihitaji maktaba yoyote ya ziada, ArrayList inatosha. Mwenye mamilioni ya vipimo vya mizani atumie orodha za int. Na kila anayeandika Java ajaribu programu yake kwa namba iliyozidi 127 kabla ya kuikabidhi kwa wenye mali.