Majambazi wa Kike, Kalamu za Kiume

Jirani yangu kwenye matatu, hapa Eldoret, amezama katika riwaya ya genge la wanawake wa London baada ya vita. Genge lenyewe lilikuwepo kweli, Forty Elephants, na malkia wao Alice Diamond. Miaka ya 1920 waliingia maduka makubwa wembamba, wakatoka wanene, nguo za ndani zimejaa makoti ya manyoya.

“Sisi hatuna,” ananung'unika.

Tunaye Milly, namwambia. John Kiriamiti alitusimulia ujambazi wake mwaka 1984, kisha mwaka 1989 akamtolea mpenziwe kitabu chake. Milly anasema “mimi” kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye kalamu ni Kiriamiti. Kumbe hata sauti huvunjiwa mlango.

Na Eldoret je? Husimuliwa kwamba mwaka 1912 sefu ya Standard Bank iliporomoka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawashinda kuinua, benki ikajengwa kuizunguka. Jambazi gani angehangaika na sefu iliyowashinda wenyewe?

Mhusika wetu ni mama pima, muuzaji wa pombe ya chang'aa. Kuanzia 1980 hadi 2010 chang'aa ilikuwa haramu kabisa, naye akapima tu, mtoto mgongoni, kitu kidogo cha askari wa Jumatatu kimetengwa, cha wa Jumanne kiko chini ya godoro. Hilo nalo ni genge, ila sina hakika kiongozi ni nani.

“Huyo si jambazi,” jirani anasema. “Huyo ndiye aliyenilipia karo.”

Akafungua kitabu, akarudi London.