Vidole Vitatu

Jumatatu. Nikiwa stendi ya Msamvu nangoja daladala, nilinunua hindi la kuchoma. Nilipong'ata mara ya pili, taya la kulia likaalika, ka! mbele kidogo ya sikio. Maumivu yakapanda hadi panjani. Hindi nimempa mtoto aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi.

Jumanne. Duka la dawa. Muuzaji alisikia neno "sikio" akanipa dawa ya matone, chupa ya tatu sasa. Huu ni mwezi wa nne wa maumivu haya. Katika mwezi wa pili niling'olewa gego, kwa sababu ndipo kidole changu kilipoonyesha. Gego lilikuwa zima. Liliondoka peke yake, maumivu yakabaki.

Jumatano. Shangazi amekuja kutoka Matombo na mkungu wa ndizi. "Mwanangu, taya hukandwa kwa maji ya moto." Akanikanda mwenyewe, nikalala. Saa nane usiku mke wangu akaniamsha: nasaga meno kama mashine ya unga. Sikuwahi kujua.

Alhamisi. Hospitali saa kumi na mbili asubuhi, milima ya Uluguru bado imejifunika ukungu. Namba yangu 41. Saa tano wamefika 17, mtandao ukakatika. Malipo yakasimama, nasi tukasimama.

Saa nane nikaingia. Daktari wa meno, binti mdogo, hakugusa koleo. Aliuliza kwanza. Linauma ukitafuna? Linakaza asubuhi? Ukinawa uso, kuna kitu kinachochoma kama umeme? Huo ungekuwa mshipa wa fahamu. Ukipanda mlima kwenda Morning Side taya huuma, ukipumzika huacha? Hapana, Dokta. Akashusha pumzi: huo ungeweza kuwa moyo.

Kisha akasema, "Baba, panua. Simamisha vidole vitatu katikati ya meno ya mbele." Vikapita viwili. Akapima kwa rula: milimita 29. Mtu mzima hufikia 40 hivi, na wengi huzidi.

Akaweka vidole mbele ya masikio yangu, nifungue, nifunge. Akausikia mwaliko: kisahani cha gegedu kinachohama ndani ya kiungo. Eksirei huonyesha mfupa, kisahani hicho haikionyeshi, kwa hiyo hakuniandikia. Akabonyeza msuli wa shavu, kisha wa panja. "Haya ndiyo maumivu yako yale, au mengine?"

Ndiyo yale yale. Machozi yalinitoka. Miezi minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Alisema swali hilo limo katika vigezo vya kimataifa vya kutambua matatizo ya taya, vya mwaka 2014, na halihitaji mashine. Linahitaji dakika chache na mikono inayojua pa kubonyeza.

Ijumaa. Masharti: chakula laini, kitambaa cha moto, midomo ifungwe lakini meno yasigusane, miwa marufuku. Tumepika ndizi za shangazi hadi zikalainika kabisa. Shangazi hakusema kitu, aliniongezea mchuzi.

Jumapili. Vidole viwili na nusu. Jirani amepanga kung'oa gego kesho. Anashika mbele ya sikio, palepale ninaposhika mimi. Nimemwomba asing'oe kabla hajapimwa kiungo na misuli. Nitamsindikiza. Saa kumi na moja tuwe tumeshika foleni.