Barua ya Wazi kwa Mwenye Ufagio

Mheshimiwa,

Ningekutaja kwa cheo, ila kila ofisi husema njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro ni mali ya ofisi jirani. Basi nakuandikia wewe, yeyote uliye na ufunguo wa stoo yenye ufagio.

Kwanza pongezi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, sisi wa baiskeli nasi tulitengewa njia kandokando, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza Afrika kutwaa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Tuliogopa njia ile ingekaa bure. Hofu hiyo mmetuondolea. Jioni foleni ikikaza, bodaboda hupita humo wakitupigia honi tuwapishe. Kuna magari yameegeshwa “dakika mbili tu” tangu asubuhi. Kuna mitumba, kokoto za mtu anayejenga, jiko la chipsi. Chupa zilizovunjika sizitaji. Hizo ni ajira kwa mafundi pancha.

La mitaro ndilo lililonikosha zaidi. Kabla ya masika vijana huzibua mtaro, wakatoa tope jeusi lenye mifuko na nepi, wakalipanga vizuri juu ya njia ya baiskeli. Kazi imekwisha, picha zimepigwa. Mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni, na mwakani huzibuliwa tope lile lile. Sijaona mradi mwingine unaojitegemea namna hii. Na pale mfuniko wa chuma ulipokwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, msamaria amesimika tawi la mwarobaini shimoni. Nashauri tawi lile lipandishwe cheo: ndilo mtumishi pekee anayekesha kituoni.

Sasa tunaambiwa bonde la Msimbazi litageuzwa bustani ya jiji, kwa mradi uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022. Hapa sifanyi kejeli, nafurahi kweli. Kuendesha baiskeli humo chini ya miti, mbali na moshi wa malori, nani atakataa? Lakini Msimbazi anaujua kila aliyewahi kukwama Jangwani barabara ikifungwa kwa mafuriko. Mto ule hushuka na mchanga na taka za nusu ya jiji. Njia ya bustanini ikifukiwa masika ya kwanza, koleo litatoka kasma ya nani? Katika michoro ya bustani huwa naona watoto, vivuli na mabenchi. Mfagizi sijamwona.

Basi, kabla ya kutupa njia mpya, fagieni ya zamani walau mwezi mmoja, tuone mkono wenu. Na mifuniko wekeni ya zege. Hiyo haina mnunuzi.

Wako mtiifu,
Mpanda baiskeli, kushoto kabisa, nikiachiwa.

Nakala: Fundi pancha, Manzese, anayepinga barua hii kwa maslahi ya biashara.