Gia Saba, Miguu Miwili

Ukitaka kuchoma mkutano wa waendesha baiskeli za mbio, uliza gia gani ni bora, kisha vuta kiti ukae pembeni. Mwenye Campagnolo ataisifu Italia kana kwamba kitovu chake kilizikwa Vicenza. Mwenye SRAM atakuinamisha uone hana waya hata mmoja. Mwenye Shimano hasemi sana. Wapo wengi, hawana haja ya kupiga kelele. Basi tupange foleni, tuanzie mkiani. Kipimo changu ni kimoja: siku itakapogoma, nani ataitengeneza, na atapata wapi kipuri?

7. Gia moja, basi

Baiskeli ya black mamba haina la kuchagua, kwa hiyo haina la kugombania. Kabla hujacheka, kumbuka kwamba Tour de France ilikataza vihamisha cheni hadi mwaka 1937. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, aliziona gia kama dawa ya wazee. Mkimbiaji akifika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi, akafunga, ndipo akapanda. Wapinzani nao walishuka kufanya vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Hukumu: hodari kwa gunia la mkaa. Kwa kilima cha mawe cha Kigali, nenda na wa kukusukuma.

6. Vijiti viwili kwenye fremu

Unauachia usukani, unainama, unasukuma kijiti huku ukisikiliza cheni ikikwaruza mpaka inyamaze. Eddy Merckx alishinda Tour tano hivyo. Wewe si Merckx. Faida yake ni kwamba hakuna cha kuharibika. Hasara ni kwamba mkono mmoja hauko unapotakiwa kuwa pale daladala inapokata mbele yako.

5. Sahani moja mbele

Ondoa sahani ya pili mbele, ondoa na kihamisha chake, weka kaseti pana nyuma. Wauzaji husema cheni haitaanguka tena. Primož Roglič aliambiwa nini, sijui, lakini kwenye Giro d'Italia ya 2023 alipanda Monte Lussari akishindana na saa, sahani moja mbele, na cheni ikaanguka katikati ya mlima mkali kuliko yote. Fundi akaruka kutoka kwenye pikipiki. Mtazamaji mmoja akamsukuma, na kumbe ni mwenzake wa zamani wa kuruka kwa ski! Roglič akashinda siku hiyo na Giro nzima, kwa sekunde 14 tu juu ya Geraint Thomas.

Wenye sahani mbili wasichekelee. Andy Schleck, akiwa na jezi ya njano ya Tour mwaka 2010, cheni ilimtoka kwenye mlima wa Port de Balès, mpinzani wake Contador akapita. Schleck alipoteza sekunde 39, na Paris akafika nyuma ya Contador kwa sekunde 39 zilezile.

Hukumu: nzuri kwa changarawe. Barabarani, hatua kati ya gia na gia ni ndefu, na magoti yako yatalalamika kabla yako.

4. Campagnolo

Hapa natoa kofia kwanza. Tangu 1933 hawa watu wametengeneza vitu ambavyo mtu huvitundika sebuleni. Kila kazi ina kidole chake: kitufe cha gumba kinashusha cheni, kijiti nyuma ya breki kinaipandisha, na hakuna kuchanganya. Tadej Pogačar alizibeba Tour zake mbili za kwanza, 2020 na 2021, juu ya gia hizi.

Halafu timu yake ikahamia Shimano mwaka 2023, na yeye akaendelea kushinda. Hilo lina uchungu wake, nakubali.

Wapenzi wake husema vifaa vingine huchakaa lakini Campagnolo hukomaa. Huenda. Shida ni pale inapokomaa ikavunjika kijiti. Fundi wako ataisifu, ataipiga picha, ataitazama tena, kisha atakwambia kipuri kinaagizwa Ulaya. Na habu yake haipokei kaseti ya Shimano, kwa hiyo gurudumu la kuazima kwa rafiki nalo umelikosa.

Hukumu: mahari, si baiskeli ya kazini.

3. SRAM bila waya

Wamarekani wa Chicago walichelewa kuingia barabarani, 2006, wakaja na kijiti kimoja tu: gusa kidogo, gia inakuwa nzito; sukuma zaidi, inakuwa nyepesi. Ujanja mtupu, isipokuwa pale mlimani ukiwa tayari kwenye gia nyepesi ya mwisho, umechoka, ukasukuma ukiomba nyingine. Haipo. Badala yake unapewa nzito zaidi. Wako waliolia.

Mwaka 2015 wakatoa eTap isiyo na waya na lawama zikakatika. Mkono wa kulia, gia nzito. Wa kushoto, nyepesi. Yote miwili kwa pamoja, sahani ya mbele. Mtoto anaielewa kabla ya mwanasheria. Kampuni ya Kifaransa, Mavic, ilishajaribu gia bila waya mwaka 1999, ila ilikuja mapema mno.

Betri ya mbele na ya nyuma ni sawasawa, kwa hiyo ya nyuma ikizimika unahamisha ya mbele na kurudi nyumbani. Lakini ile kaseti yenye gia ya meno 10 inadai habu ya aina yake, na kaseti yenyewe bei yake usimwambie mke.

2. Shimano ya umeme

Di2 ilitoka 2009, na wazee wa baiskeli wakaapa hawatachaji gia hata siku moja. Leo wanachaji. Tangu 2021 vijiti havina waya, ila betri imejificha ndani ya nguzo ya kiti na waya zake zinakwenda mbele na nyuma. Sahani ya mbele inabadilika hata ukiwa umekanyaga kwa hasira zote, na hapo sijaona wa kuishinda. Pogačar alichukua ubingwa wa dunia Kigali, Septemba 2025, akiwa nayo.

Mwaka 2024 watafiti wa vyuo viwili vya Marekani walionyesha kwamba mtu mwenye mtambo wa redio anaweza kunasa mawimbi ya Di2 na kukubadilishia gia. Shimano wakatoa programu ya kuziba tundu hilo. Kwenye msafara wetu wa Jumapili usiogope: anayekuchezea gia ni wewe mwenyewe.

1. Shimano 105 ya kebo

Ndiyo, kebo. Punguza makelele.

Kwa ndugu zake wakubwa, Dura-Ace na Ultegra, matoleo mapya yote ni ya umeme. Shimano wangeweza kuizika kebo, lakini mwaka 2023 wakaitoa 105 ya kebo yenye gia 12 nyuma, kaseti hadi meno 36. Kaseti hiyo inaingia kwenye magurudumu ya zamani ya gia 11, kwa hiyo huanzi kununua upya. Kebo yake fundi wa mtaani anaijua, anaikata, anaivuta, anakurudishia baiskeli kabla chai haijapoa. Hakuna betri ya kusahau usiku wa kuamkia safari.

Ina dosari zake. Breki ni za diski na mafuta tu, na kuzitoa hewa si kazi ya kila fundi. Kebo nayo hupenda kukatikia ndani ya kijiti, mahali usipopaona, kwa hiyo ibadilishe kabla haijakuaibisha. Uzito umezidi kidogo ule wa ndugu zake wakubwa. Ukisema unauhisi, tutaanza kwa kukupima wewe.

Na ukiwa kwenye 34 mbele na 36 nyuma, gurudumu halijamaliza hata mzunguko mmoja kwa kila mzunguko wa pedali, nawe bado umeshuka unasukuma kwa mkono, tafadhali, tusimsingizie Mjapani.