Mhadhara wa Ngome, Zabibu na Hongo

Mheshimiwa Mtaalamu, cheo alichojivika mwenyewe bila chuo chochote kumgombania, alisimama chini ya mwembe pale Kumsenga, kijiji cha Waha, akakohoa kikohozi cha kisomi na kusubiri watu wanyamaze. Hawakunyamaza. Waha hawana salamu za mkato: kila mzee aliyefika alipigiwa makofi ya adabu, akayaitikia, akaulizwa habari za mji, za wajukuu na za maharage shambani. Zamu ya mgeni ilipofika, suti yake ya vipande vitatu ilikwishalowa mgongoni.

"Ndugu zangu msiokuwa na magofu!" akaanza.

Mada, alitangaza, ni ngome ya Ehrenfels, jirani na mji wa Rüdesheim nchini Ujerumani. Tumpe haki yake: kuhusu ngome yenyewe hakukosea. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 13 kwa ajili ya askofu mkuu wa Mainz, kwenye mteremko mkali juu ya mto Rhine. Mwaka 1689 wanajeshi wa Ufaransa waliibomoa, na tangu hapo haikuinuka tena. Zimebaki kuta nene na minara yake miwili, na mizabibu imepandwa safu kwa safu hadi kwenye misingi. Mwaka 2002 UNESCO iliiingiza sehemu hiyo ya bonde la Rhine katika orodha ya urithi wa dunia.

Kasheshe ilianza alipoingia kwenye falsafa. "Kanuni ya Kwanza ya Ugofu," alisema huku kidole kikielekea mbinguni, "ni kwamba watu wasio na gofu hawana jana. Kanuni ya Pili: gofu lisilo na mizabibu ni rundo la mawe tu."

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akanyoosha mkono na kutaja Kilwa Kisiwani. Mtaalamu akakubali shingo upande. Ndiyo, Husuni Kubwa ni jumba la karne ya 14, kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na bwawa la kuogea la pembe nane lililochongwa kwa ufundi wa hali ya juu. Ndiyo, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. "Lakini mizabibu iko wapi?" Iko Dodoma, akajijibu, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati mkulima wa Rhine anavuna mara moja na kushukuru. Ngome pwani, zabibu katikati ya nchi! Tanzania, kwa maoni yake, imetenganisha vitu ambavyo Mungu aliviunganisha.

Kisha akaigeukia Buha yenyewe, nchi ya Waha, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Alikwishapita Heru Juu, karibu na Kasulu, makao ya Bami, yaani watemi, wa Heru, ambako Mwami Theresa Ntare, mwanamke, alishika utawala katika miaka ya Mwingereza. Serikali ilifuta utemi nchini mwaka 1963. Na ikulu za Bami wa kale, zilizosukwa kwa miti na nyasi, ziko wapi leo? "Mchwa!" akanguruma Mtaalamu. "Mchwa ndiye adui mkuu wa historia ya Afrika!" Akanyamaza ili wenye kalamu waandike. Aliyekuwa na kalamu ni mwalimu peke yake, naye alikuwa anasahihisha madaftari.

Kuhusu migomba iliyowazunguka alikuwa na huruma kidogo zaidi. Ni mimea mizuri, alisema, ila haizai ustaarabu, kwa kuwa divai hutaka subira ya miaka. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kigoda akamuuliza kama amewahi kuona pombe ya ndizi ikitengenezwa. Hajaona. Basi akaelezwa: ndizi hufukiwa shimoni juu ya majani ya mgomba na kupewa joto la moto siku kadhaa hadi ziive, humenywa, hukamuliwa kwa nyasi hadi maji yatoke matamu na mekundu kidogo, huchujwa, huongezwa maji, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kufunikwa usiku kucha au zaidi kidogo. Nyasi zikiwa mbovu, juisi haitoki. Joto la shimo likipungua, ndizi hazilainiki.

"Yetu ikikaa mwaka mzima mtungini, mwanangu," bibi akamalizia, "tunasema imeharibika."

Hapo mzee mmoja akauliza swali ambalo mhadhara mzima ulikuwa umelikwepa. Hiyo nyumba ya askofu mlimani ilikuwa inalinda nini?

Mtaalamu akafurahi kuulizwa, maana jibu alikuwa nalo. Ililinda ushuru! Kila merikebu iliyopita chini ya Ehrenfels ilisimama ikalipa. Mbele kidogo kwa kufuata maji, pale Kaub, mfalme Ludwig alijenga mnara katikati ya mto mwaka 1327 kwa kazi hiyohiyo, na mnyororo ulitandazwa majini kumzuia mkaidi.

"Kumbe ni geti la ushuru," mzee akasema, na watu wakaangua kicheko.

Kicheko hicho kilikuwa na historia ndefu zaidi nyuma yake kuliko alivyodhani mgeni. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipita kusini mwa Buha, jirani na chemchemi za chumvi za Uvinza ambazo watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mpita njia alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa doti za nguo na shanga. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti, akimtafuta mmisionari Livingstone, alitozwa hapo, akalipa, akasonga mbele, akatozwa tena. Alipoambiwa kwamba wakubwa wengine wanamsubiri mbele, aliiacha njia kuu usiku, akapenya porini kwa kificho hadi akatoka nje ya Buha. Mtu mwenye bunduki na fedha za gazeti la New York alitoroka kama mdaiwa. Mkusanya ushuru wa Buha hakuwa amepanga jiwe hata moja. Msafara ulihitaji maji, chakula na ruhusa, na vyote vitatu vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Askofu wa Mainz, nadhani, angemwonea wivu kwa kuokoa gharama za waashi.

Mtaalamu alisikia habari hizo kutoka kwa mwalimu, akatangaza papo hapo Kanuni ya Tatu: kwamba Stanley, kisayansi, alikuwa ndiye gofu. Haikueleweka, naye hakuieleza.

Akaanza kukunja karatasi zake. Mtendaji wa kijiji akamsogelea kwa heshima zote, kitabu cha stakabadhi mkononi, akimweleza kwamba wageni wote wanaotembelea kijiji huombwa mchango wa choo cha shule. Mtaalamu akapapasa mifuko yote ya suti, akatabasamu, kisha akamvuta kando kijana wa bodaboda na kumnong'oneza kama kuna njia nyingine ya kwenda Kasulu.